Ripoti ya nyumba yaletwa asubuhi ya kesi, na INAINGIA TU???

Jamani wacheni niseme la sivyo ntapasuka. Yule wakili wa mume wangu wa zamani mnamjua, yule akifika korido nzima lazima ijue kafika. Kesi ya talaka ishakwisha, sasa tunagawana mali. Ripoti yetu ya thamani ya nyumba tulipeleka kitambo, pesa ya mthamini nilikopa chama. Wao kimya. Mensheni hii (siku ya kesi kutajwa tu kortini) hawana, mensheni ile hawana, wakapewa tarehe ya mwisho wakaipita kama hawaijui. Siku ya kusikizwa, nje ya mlango wa korti, ndio nasukumiwa makaratasi bado yana moto wa printa! Moto wa kuchomea mkate wa mofa! Wakili wangu akapinga, hatujaisoma, mthamini wetu hajaiona. Jibu la jaji? "Iingie," yaani yapokewa kama ushahidi.

Iingie!! Ati tutajibu baadaye, kesi ikasogezwa huko mwakani.

Na muione hiyo ripoti. Picha ya kwanza ni geti la JIRANI. Letu la buluu, hilo jeusi limeandikwa mbwa mkali, na sisi hata paka hatujafuga. Ghorofa ya juu haimo kabisa, ghorofa nilopandisha mimi kwa pesa za mahamri. Mahakama ya Upeo, ile ya juu kabisa Kenya, ilishasema 2023 hakuna nusu kwa nusu ya bure, kila mtu athibitishe mchango wake, sasa nathibitisha vipi ghorofa ambayo kwa karatasi haipo? Halafu mtu aniambia iingie. Iingie wapi?

BintiMajengo: Pole dadangu. Ya kwetu ililetwa mashahidi washamaliza kusema na ikaingia vilevile.

MzeeWaBao: Katiba kifungu cha 159(2)(d), haki isizuiwe na mambo ya utaratibu. Jaji yuko sawa. Si mmepewa nafasi mjibu, walia nini?

Mwenye uzi: Mzee wangu shikamoo, lakini huo utaratibu wanibana mie peke yangu? Mbona mie nilipeleka mapema? Wasema utaratibu, hukuliona lile geti!

Shoka_la_Bucha: Muiteni huyo mthamini kizimbani aulizwe geti jeusi mbele ya watu. Na muombe walipe gharama ya siku ilopotea, hiyo hupewa.

TukTukBamburi: Mahamri yakapandisha ghorofa 😂😂 niambie wauzia wapi niache tuktuk leo

Mwenye uzi: Cheka tu. Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 yahesabu hata kupika na kulea watoto, sembuse mahamri nliyoamkia alfajiri.

Kibandaumiza: Nyinyi angalau ardhi ni yenu. Sisi ni nyumba bila ardhi, nyumba yetu kiwanja cha kukodi, mthamini alokuja kathamini mpaka mchanga, na mchanga wa mwenye shamba!

BintiMajengo: Usinikumbushe mwenye shamba. Wetu kapandisha kodi ya kiwanja tena na risiti hatoi.

TukTukBamburi: Wetu hata ukibadilisha bati ataka umpe kitu kwanza, mvua yanyesha kitandani yeye yuko getini na mkono

Mwenye uzi: Jamani na ripoti yangu??

Kibandaumiza: @TukTukBamburi huyo wenu si yule mwenye Probox nyeupe? Basi ndiye wetu pia