Kijana akipotoka Dandora, apelekwe ranchi Kajiado? Mjadala

Mwenye mada: Mtoto akianza kunyang'anya watu simu, wazee wa mitaa ya Nairobi kama Dandora husema: mpeleke Kajiado akachunge ng'ombe, jua limnyooshe. Hiyo ni tiba au ni adhabu tu?

Mfugaji wa Isinya: Ni tiba, ila inategemea kazi yenyewe. Mpe ndama mmoja. Ndama wa kilo 30 hunywa kama lita 3 kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni, saa zilezile, maziwa yakiwa na joto la mwili. Akizaliwa, apate dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa 6. Kijana akilala asubuhi halafu jioni amshindilie zote kwa mpigo, kesho ndama anahara. Kosa analiona mwenyewe, hakuna haja ya kumfokea. Lakini kumchimbisha mitaro kutwa? Atajifunza kutoroka tu.

Mama Umoja: Na anayemeza bugizi, zile tembe za kulewesha na kulaza, ndugu yangu?

Afisa wa watoto: Mama, huyo usimpakie matatu kesho. Aliyezoea bugizi au pombe kali akikatizwa ghafla anaweza kushikwa na kifafa, hata afe. Kliniki kwanza, apunguziwe polepole. Halafu angalia umri. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu wa miaka 13 hadi 16 kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha shule, na kazi ya hatari haruhusiwi hadi atimize 18. Kwa hiyo kuchanganya dawa ya josho, ya kuogeshea ng'ombe, hapana. Baadhi ya dawa za kupe hupenya ngozini. Akishafika 18 naye, huwezi kumfungia huko kwa nguvu.

Wa Kiamaiko: Wazo lenyewe si geni. Shule ya kurekebisha vijana ya Wamumu, kule Mwea, ilianza miaka ya 1950 kama kambi ya vijana waliozuiliwa enzi za Mau Mau, nao walifundishwa kazi za mikono. Ninachouliza ni hiki: akirudi Dandora, ng'ombe wako wapi? Mfundisheni kuchuna ngozi bila kuitoboa, kukata nyama, kugandisha maziwa ya mtindi. Kwetu Kiamaiko mbuzi huchinjwa kila siku, na soko la nyama la Burma wanahitaji mikono yenye kisu kizuri.

Mfugaji wa Isinya: Hapo umenishika. Lakini tuulizane pia kuhusu ujira. Wapo wenye ranchi watakaofurahia sana "kurekebisha" vijana kumi bila kulipa hata shilingi.

Mama Umoja: Basi mkataba uandikwe kabla hajapanda gari, na siku ya kurudi iandikwe humo.