Mwanafunzi akisema "nimeelewa", nitajuaje kama kweli ameelewa?

Chaki Nyeupe: Habari zenu wakuu. Nafundisha hisabati darasa la tatu. Nikiuliza "Mmeelewa?", darasa zima linaitikia "Ndiyooo mwalimu!" Kuna binti alipata 7 kwa 10 kwenye jaribio la kutoa. Jana nikampa 52 − 37, akaandika 25, tena bila wasiwasi wowote. Sasa kutoa anakujua au hakujui? Naombeni ushauri.

Kipara Ngoto: Mpe majaribio mengi mkuu. Alama hazidanganyi.

Mwl Mstaafu: Zinadanganya sana. Mwaka 1973 mtafiti Erlwanger aliandika habari za Benny, mtoto wa miaka 12 huko Marekani, aliyeonekana anafanya vizuri hisabati. Alipokaa naye wakazungumza, akakuta mtoto anaamini 2/10 ni sawa na 1.2.

Huyo binti naye habahatishi. Anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini: 7 toa 2 ni 5, 5 toa 3 ni 2. Mpe 64 − 28. Akiandika 44, kanuni yake umeipata. Halafu kaangalie yale 7 aliyopata kama yalihitaji kukopa.

Chaki Nyeupe: Nimefungua daftari lake sasa hivi. Yote 7 hayana kukopa! Yale 3 aliyokosa ndiyo yenye kukopa. Asante sana mwalimu wangu.

Nesi wa Zamu: Hilo swali la "umeelewa" liache kabisa, mwalimu. Mgonjwa nikimpa vidonge vya 1×3, yaani kimoja mara tatu kwa siku, namwambia, "Hebu nieleze mama, ukifika nyumbani utavimezaje?" Wapo wanaojibu vitatu kwa mpigo, na muda huohuo wameshasema "sawa nesi".

Mtu wa Pwani: Na akikariri maelezo yako je? Ya moyoni mwa mtu anayajua mwenyewe.

Mwl Mstaafu: Ndiyo maana unabadilisha swali, ndugu yangu. Mwambie atunge habari ya sokoni inayohitaji 52 − 37. Hiyo hakuikariri popote. Ila Chaki, muulize pembeni, siyo mbele ya wenzake, maana hapo atasema ndiyo kwa aibu tu. Na "umepataje?" muulize hata akipata. Mtoto anayeulizwa akikosa tu, ukifungua mdomo ameshafuta jibu.