Jimbo la Illinois, Marekani: anayesomesha mtoto nyumbani aitaarifu serikali au la?

Mama Neema: Wenzangu wa Illinois, tulijadili hili bila kurushiana maneno. Nawasomesha binti zangu nyumbani mwaka wa nne huu, sijawahi kujaza fomu hata moja, na sivunji sheria. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 1950, nyumba inayofundisha inahesabiwa kama shule binafsi, basi.

Mwaka 2025 ukaja bungeni muswada namba HB 2827. Mzazi ajaze fomu ya kuitaarifu serikali, awe na cheti cha sekondari, na asipojaza mtoto ahesabiwe mtoro. Utoro huku unaweza kumpeleka mzazi jela hadi siku 30. Maelfu ya watu wakafurika Springfield, mji mkuu wa jimbo, kuupinga. Ulipita kwenye kamati, ukakwama.

Mimi fomu naiunga mkono. Mtoto asiyeonwa na mwalimu wala jirani, akipigwa nani atajua?

Baba Furaha: Mama Neema, fomu haina shida. Shida ni cheti. Mimi nilikimbia Uvira na nguo za mwilini, nikakaa kambini Nyarugusu miaka 13. Hesabu za sehemu namfundisha kijana wangu kwa mzani wa jikoni: robo kilo ya unga, nusu, robo tatu, anaandika mwenyewe. Anazijua. Nikiambiwa leta karatasi, nitaleta unga?

Halafu anayetesa mtoto hatajaza fomu yenu.

Mdau wa Texas: Huku hatumtaarifu mtu. Wyoming nao mwaka huohuo wa 2025 wamefuta sharti la mzazi kupeleka mtaala kwa wilaya ya shule. Wenzenu wanafungua, nyie mnafunga!

Mama Neema: Texas, tulia. Pennsylvania kila mwaka mtathmini anapitia kazi za mtoto, na watu wanasomesha nyumbani kama kawaida.

Baba Furaha, kwenye cheti umenishinda. Kifutwe, na jela nayo ifutwe, maana ndiyo iliyowatia watu hofu hadi wakaikataa hata fomu. Ila hapo kwa mtesaji sikubaliani nawe. Tukijaza sisi wote, asiyejaza ndiye wa kubishiwa hodi. Leo hii wabishe kwa nani, wakati hakuna orodha?

Baba Furaha: Sawa, wabishe. Lakini waje na mkalimani. Mwaka jana alikuja mtu mlangoni na karatasi ya Kiingereza, mama Furaha akatia saini. Mpaka leo hatujui alisaini nini.