Maabara ya mtandao chumbani, Mkolani: laki tatu yangu niitumieje?

KijanaWaMkolani

Habari za jioni wakuu. Nipo Mkolani hapa Mwanza. Nimeamua kusoma CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, mwenyewe, usiku nikishafunga duka, maana ada ya chuo siiwezi. Nina laptopu ya RAM GB 4, na nimejibana miezi mitano nikapata laki tatu.

Kuna fundi mjini anauza vifaa vilivyotumika, swichi tatu (za kuunganisha kompyuta) na ruta tatu (za kuunganisha mtandao na mtandao) kwa pamoja, laki sita na nusu. Amekubali nitangulize hiyo laki tatu yangu. Nimepiga hesabu mpaka usingizi umegoma. Wapo wanaoniambia Packet Tracer, ile programu ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, inatosha, wapo wanaosema kama hujashika chuma hujasoma mtandao. Chumba ni kimoja, na LUKU tunachangia wapangaji wanne. Waliopita njia hii naombeni mwongozo.

MamaSwichi

Mdogo wangu, usimpe huyo fundi hata mia kabla hujanisoma mpaka mwisho.

Mtihani wenyewe, 200-301, ni dola 300. Kwa shilingi ni zaidi ya laki saba, na ukifeli unalipa upya. Hiyo ndiyo pesa ya kuitafuta kwa jasho. Ukiimalizia kwenye vyuma, utakaa na vyuma miaka miwili bila kufanya mtihani. Nimewaona vijana wawili hapa Kirumba yamewakuta hayo, na walikuwa wanajua kuliko mimi.

Packet Tracer ni bure, unajiandikisha Cisco Networking Academy unaipakua, na GB 4 zako zinaibeba. Sehemu nzito kuliko zote kwenye mtihani ni kuelekeza data kati ya mitandao, yaani OSPF (ruta zinaambiana njia zenyewe), njia za kuandika kwa mkono na ndugu zake: asilimia 25. Yote hayo unayafanya humo ukiwa na ruta kumi ambazo hazili umeme wa mtu. Ruta tatu za nini?

Ila waliokwambia ushike chuma nao wana lao, na hapa nitakueleza yaliyonikuta. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubadilisha swichi kwenye nyumba ya wageni. Nikachomeka kebo, taa ya poti ikawaka rangi ya chungwa. Nikangoja kidogo, chungwa. Nikachomoa, nikabadilisha kebo, chungwa tena. Nikahamia poti nyingine, vilevile. Nimelowa jasho, mwenye nyumba amesimama mlangoni na funguo mkononi. Kumbe swichi ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inafanya spanning tree, yaani inahakikisha kwanza kebo hazijafanya mzunguko: sekunde 15 inasikiliza, sekunde 15 inajifunza, ndipo taa inageuka kijani. Mimi kila baada ya sekunde ishirini nachomoa, inaanza upya. Packet Tracer nayo inaonyesha taa hiyo, lakini ina kitufe cha kurusha muda mbele, na mimi nilikizoea kitufe. Tangu siku hiyo zile sekunde thelathini ninazo mwilini, na `spanning-tree portfast`, amri ya kuruka kungoja huko, naijua kazi yake bila kukariri.

Kwa hiyo nunua swichi MOJA. Tafuta Catalyst 2960 ya poti nane, ile isiyo na feni. Yangu niliipata kwa laki moja na ishirini. Feni nalisisitiza kwa sababu mbili. Kwanza unalala chumba hichohicho, na ruta kama 2811 inavuma usiku kucha. Pili ni vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi kutoka majini. Feni inavivuta ndani. Nilifungua ruta moja ya jirani yangu nikakuta wamejaa humo kama dagaa waliokaushwa.

Nenda dukani na laptopu yako, kebo ya konsoli (ile bapa ya bluu, ya kuipa swichi amri moja kwa moja) na adapta yake ya USB. Fungua PuTTY, programu ya kuandikia amri, kasi 9600, washa swichi uisome inavyoamka tangu mstari wa kwanza. Andika `show version` uhakikishe modeli ni hiyohiyo iliyoandikwa kwenye kibandiko. Kisha chomeka kebo kila poti, moja baada ya nyingine. Fundi akikukataza kupima, ondoka.

Ruta ngoja. Ukishaielewa swichi ndipo utafute 1841 moja tu, uunganishe VLAN zako (mitandao midogo iliyotengwa ndani ya swichi moja) kupitia poti yake moja.

FundiBuzuruga

Dada nakuheshimu, ila hapo kwenye ruta naomba nipingane nawe kidogo. Kwa Mwanza hii, kijana akipata kibarua kwenye hoteli au kwa hawa wauza intaneti wa mtaani, atakuta ruta za MikroTik, si Cisco. Achukue hAP lite: ina poti nne, OSPF imo, VLAN zimo, ukuta wa moto (firewall) umo. Inakula umeme wa chaja ya simu. Umeme ukikatika, mimi naichomeka kwenye pawabenki naendelea kusoma. Hiyo 1841 yako ataiwasha saa ngapi na LUKU ya kuchangia?

MamaSwichi

Kaka, la pawabenki umenishinda, na kibarua ni kweli. Lakini RouterOS, mfumo wa hizo MikroTik, haina `show running-config` ya Cisco ya kuonyesha mipangilio, ina `/export`. Kijana anayejifunza peke yake usiku, macho yamechoka, ukimpa lugha mbili kwa mpigo atazichanganya, na mtihani unampa dakika 120 tu. Afaulu kwanza kwa lugha moja. Siku akifaulu, mnunulie wewe hiyo hAP lite uwe umempongeza.

FundiBuzuruga

Sawa dada. Kijana, umesikia, ahadi hiyo naiweka hapa mbele za watu.

KijanaWaMkolani

Shikamoo dada, na asante kaka, ahadi nimeihifadhi.

Mrejesho baada ya wiki mbili. Kwa yule fundi wa kwanza sikurudi. Nimepata 2960 ya poti nane kwa laki na kumi, kebo ya konsoli na adapta elfu ishirini na tano. Iliyobaki nimeiweka kwenye kibubu cha mtihani.

Swichi ilikuwa na nenosiri la mwenyewe wa zamani. Nikashikilia kitufe cha Mode huku nachomeka umeme, ikanipa `switch:`, nikaandika `flash_init`, nikabadilisha jina la config.text, faili la mipangilio, nikaandika `boot`. Imeamka haina nenosiri. Nilipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini.

Sasa nimekwama hapa. Nikiandika `show vlan brief` naona VLAN 30 inaitwa MAPOKEZI na 40 inaitwa JIKO. Sikuziweka mimi. Nimefanya `erase startup-config` kufuta mipangilio ya kuwakia, nimewasha upya, bado zipo.

MamaSwichi

Marahaba mdogo wangu. Hapo umefika mahali ambapo Packet Tracer isingekufikisha. Hayo ni majina ya ofisi ilikotoka hiyo swichi. VLAN hazikai kwenye startup-config, zina faili lake, vlan.dat, ndani ya flash, hifadhi ya swichi. Andika `delete flash:vlan.dat`, halafu `reload`.

Angalia kitu kimoja. Ikikuuliza jina la faili, bonyeza Enter peke yake. Ukiandika y, itakwenda kutafuta faili linaloitwa y. Na usije ukaandika `format flash:`, hiyo inafuta mfumo wenyewe wa swichi, utabaki na boksi.

Kabla ya kufuta, nakili kwenye daftari namba na majina ya VLAN za huyo mtu. Kisha jaribu kuzijenga upya wewe mwenyewe, MAPOKEZI na JIKO, bila kuangalia.