Naomba ushauri: kivuli cha dau linaloelea angani
Wakuu, kwa miezi minne sasa ninajifunza kuunganisha picha kwa programu ya bure ya GIMP, nikitamani kutengeneza picha za kindoto kama zile ambazo mpiga picha Jerry Uelsmann wa Marekani aliziunda katika chumba cha giza cha kusafishia picha kwa kuchanganya negativu (filamu zilizokwisha kupigwa picha) kadhaa. Picha yangu ya sasa ni ya dau linaloelea juu ya paa la bati. Dau nililipiga picha jioni, paa nikalipiga adhuhuri, hivyo mwanga haupatani, na kivuli nilichokichora kwenye tabaka (layer) lake peke yake kinafanana na masizi (mke wangu aliuliza kama bati limeungua). Je, nisawazishe rangi kwanza, au nikalipige dau upya saa sita mchana? Na kingo za kivuli cha kitu kilicho juu kiasi hicho nizififishe kwa kadiri gani?