Mjadala: Tua amempita Marino kwa takwimu za pasi, au tunazisoma namba vibaya?

PombooDamu: Wakuu, nianze na namba kabla ya maneno. Kwenye NFL, ligi ya soka la Marekani, Tua Tagovailoa, kotabeki (mrusha pasi mkuu) aliyeichezea Miami Dolphins, mpaka mwisho wa msimu wa 2024 amekamilisha pasi 1,387 kati ya 2,037. Hiyo ni asilimia 68.1. Dan Marino, kotabeki wao wa zamani, katika misimu yake 17 alikamilisha 4,967 kati ya 8,358, asilimia 59.4. Pasi zilizonaswa na wapinzani: Tua 44, sawa na 2.2 katika kila 100. Marino 252, sawa na 3.0. Kotabeki anapewa kazi mbili, mpira umfikie mwenzake na usiende kwa adui. Zote mbili kijana anamzidi mzee. Sasa kwa nini kila mazungumzo ya Miami Dolphins lazima yaishie kwa Marino?

Yadi Mia: Mkuu, hapo umelinganisha bei ya sukari ya 1984 na ya leo ukasahau kuuliza shilingi ilikuwa na thamani gani. Kila mtu apimwe kwa watu wa zama zake. Mwaka 1984 Marino alirusha yadi 5,084. Rekodi ya kabla yake ilikuwa 4,802, ya Dan Fouts mwaka 1981. Aliyemfuata msimu ule, Neil Lomax, alikuwa na 4,614, yaani pengo la yadi 470. Tachidauni zake (pasi zilizozaa bao la alama sita) 48. Wa pili, Dave Krieg, 32. Na rekodi aliyoivunja ilikuwa 36, ya George Blanda (1961) na Y. A. Tittle (1963). Hakuipita, aliifukia.

Msimu bora wa Tua kwa yadi ni 2023. Aliongoza ligi kwa 4,624, kweli, lakini Jared Goff alikuwa nyuma yake kwa yadi 49 tu. Tachidauni 29, wakati Dak Prescott alikuwa na 36. Tena Tua alicheza mechi 17, Marino 16. Gawanya: 272 kwa mechi dhidi ya karibu 318.

PombooDamu: Umeruka 2022 makusudi. Msimu ule Tua aliongoza ligi nzima kwa alama ya mrusha pasi, 105.5, mbele ya Patrick Mahomes, kotabeki wa Kansas City. Pasi 400, tachidauni 25, zilizonaswa 8. Huo nao ni kupimwa na watu wa zama zake, si ndiyo?

Mama Chenza: Kabla hamjarushiana hiyo alama, tuifungue tuone ndani mna nini, maana wengi wanaitaja bila kuijua. Ina vipande vinne:

Asilimia ya pasi zilizokamilika, toa 30, zidisha kwa 0.05. Yadi kwa kila pasi iliyorushwa, toa 3, zidisha kwa 0.25. Asilimia ya tachidauni, zidisha kwa 0.2. Mwisho, 2.375 toa asilimia ya zilizonaswa iliyozidishwa kwa 0.25. Hakuna kipande kinachoruhusiwa kuzidi 2.375 wala kushuka chini ya sifuri. Jumlisha, gawa kwa 6, zidisha kwa 100.

Marino 1984 (362 kati ya 564, zilizonaswa 17): 1.709 + 1.504 + 1.702 + 1.621, unapata 108.9. Tua 2023 (388 kati ya 560, zilizonaswa 14): 1.964 + 1.314 + 1.036 + 1.750, unapata 101.1. Tua amemzidi kwenye ukamilishaji na kwenye kutonaswa. Amepigwa kwenye yadi na, vibaya zaidi, kwenye tachidauni.

Sasa ubovu wa fomula. Kotabeki A arushe pasi 10, zote zikamilike kwa yadi 30 jumla, bila tachidauni: anapata 79.2. Kotabeki B arushe 10, zikamilike 5 tu lakini kwa yadi 80: anapata 77.1. A anasifiwa, wakati pasi zake za yadi 3 zinaiacha timu na yadi 9 tu baada ya majaribio matatu kati ya manne iliyo nayo ya kutimiza yadi 10. Fomula inampenda mtu wa pasi fupi. Haihesabu hata mara alizoangushwa kabla hajaachia mpira, na hapo Marino ananyimwa haki: mwaka 1984 aliangushwa mara 13 tu.

Mimi natumia yadi zilizorekebishwa: yadi zote, ongeza 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila iliyonaswa, gawa kwa pasi zilizorushwa. Marino 1984: 9.4. Tua 2023: 8.2. Lakini Tua 2022 ni 9.2! Na Marino 1986, pamoja na tachidauni zake 44, ni 7.4 kwa sababu ya pasi 23 zilizonaswa. Kwa hiyo PombooDamu hajasema upuuzi. Amechagua kipimo kibovu kutetea hoja yenye chembe ya kweli.

Yadi Mia: 2022 ni mechi 13 na pasi 400, Mama. Marino 1986 alirusha 623. Ukiongezewa mzigo, makosa hayakosi kuongezeka.

Mkono wa Kushoto: Hoja ya zama nayo isitumike kama sindano ya kila ugonjwa. Sheria iliyofungua mchezo wa pasi ni ya 1978: beki akakatazwa kumgusa mpokeaji zaidi ya yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia, na walinzi wa kotabeki wakaruhusiwa kunyoosha mikono. Marino aliingia ligi 1983, kwa hiyo naye alikula matunda hayo. Kilichobadilika baadaye ni ukali wa waamuzi, hasa kuanzia 2004.

Tofauti kubwa zaidi ni mfumo. Mike McDaniel, aliyekuwa kocha wa Tua pale Miami, alimpa mpokeaji aanze kukimbia pembeni kabla mpira haujachezwa, na Tua aliachia mapema kuelekea katikati, mahali mpokeaji atakapofika. Mpokeaji Tyreek Hill alivuna yadi 1,799 kwa namna hiyo mwaka 2023. Asilimia 69.3 ya Tua msimu ule ni yake pamoja na ya mchoro wa kocha. Ila msisahau Marino hakuwa peke yake jangwani: kwa wapokeaji wake, Mark Duper alikuwa na yadi 1,306 mwaka 1984, na Mark Clayton tachidauni 18.

PombooDamu: Basi tukubaliane Marino hana pete ya ubingwa. Super Bowl (fainali ya ligi) yake moja alipigwa 38 kwa 16 na San Francisco 49ers.

Mama Chenza: Mada ni takwimu za pasi, umeanza kuhamisha goli. Na ukitaka kuingia kwenye mtoano, mechi ya Tua kule Kansas City Januari 2024 ilikuwa 20 kati ya 39, yadi 199, kipigo cha 26 kwa 7.

Yadi Mia: Kipimo kimoja kisichohitaji fomula. Marino alifikisha tachidauni 100 katika mechi 44. Tua alimaliza 2024 akiwa nazo 100 kamili, katika mechi 64.

PombooDamu: Hiyo naichunguza kwanza.