Taji la Manyoya

Kikundi: Ukoo wa Bibi Mwanahawa
Jumamosi, tarehe 1 Novemba

Mama Idi (Columbus, Ohio): Assalamu alaikum jamaa zangu. Shikamoo Mama, shikamoo Kaka Mwalimu. Naomba ushauri wenu kabla ya Jumatatu. Jana, siku ya Halloween, ambayo watoto wa huku huvaa mavazi ya kuigiza, Idi alikwenda shule akiwa amevaa nguo nilizomnunulia mimi mwenyewe: suruali yenye nyuzi za kuning'inia, taji kubwa la manyoya kichwani, na mistari miwili ya rangi nyekundu niliyompaka mashavuni kwa mkono wangu. Saa tatu asubuhi nikapigiwa simu nikamchukue. Mkuu wa shule alinieleza, kwa upole lakini bila kuzungusha maneno, kwamba mama wa mwanafunzi mmoja, ambaye ukoo wake ni wa Walakota, taifa mojawapo la wenyeji wa asili wa Marekani, alimkuta Idi langoni akipiga ukelele huku akigonga mdomo kwa kiganja, na yule mama akarudi kwenye gari lake akilia. Nimepewa barua ya kutia sahihi inayosema kwamba mzazi ndiye anayewajibika kwa vazi la mtoto wake. Sijaitia sahihi. Nataka mnieleze kama kosa hili ni langu peke yangu.

Shangazi Zuhura (Mombasa): Wa alaikumu salaam. Pole sana, wifi yangu. Mtoto wa miaka tisa anajua nini kuhusu Walakota? Vazi hilo lilishonwa na mtu, likatundikwa dukani, likabandikwa bei, nawe ukalilipia kama ulivyolipia mkate na maziwa. Mwenye duka amekwisha kuhesabu fedha zake na amelala usingizi, ilhali wewe ndiye unayeandikiwa barua.

Mjomba Mwalimu (Tanga): Marahaba, Mama Idi. Nashukuru kwamba umeandika maneno yako yote bila kuyakata, maana wajukuu wamekigeuza kikundi hiki kuwa cha herufi mbili mbili. Nilipokuwa mwalimu mkuu, mwalimu wa zamu alisimama langoni kila siku, na mwanafunzi aliyekuja na viatu vya rangi isiyotakiwa alionekana kabla ya kengele ya paredi. Kwa hiyo nauliza: shule hiyo ilituma waraka gani kabla ya tarehe 31? Na je, nani alimwona mtoto akiingia?

Mama Idi: Waraka ulikuja, Kaka. Ulikataza silaha za bandia, damu ya bandia na barakoa zinazofunika uso wote. Haukutaja kabila wala taifa la mtu yeyote. Na asubuhi ile mwalimu wake alimpokea mlangoni, akalisifu taji, akampiga na picha.

Mjomba Mwalimu: Basi barua hiyo wameiandika kwa ajili ya kujikinga. Mwalimu aliyelisifu taji saa mbili hawezi kumhukumu mzazi saa tatu.

Zuwena (Minneapolis): Shikamooni wote. Mimi ni mwalimu msaidizi katika nchi hii, kwa hiyo naomba niseme kidogo, ingawa najua kwamba kidogo changu huwa kirefu. Walimu wenyewe ndio wanaotuaibisha mara nyingi. Mwaka 2018, katika mji wa Middleton, jimbo la Idaho, wafanyakazi wa shule moja ya msingi walijigawa makundi kwa ajili ya Halloween. Kundi moja lilivaa kofia pana za Kimeksiko na masharubu ya bandia, jingine likajifanya ukuta wa mpakani wenye maandishi ya kampeni ya Trump, kisha picha zikawekwa kwenye ukurasa wa Facebook wa wilaya yao ya shule. Waliozitazama ni wazazi wa shule ile, na miongoni mwao wamo wenye asili ya Meksiko. Wafanyakazi 14 walisimamishwa kazi kwa muda, na msimamizi wa wilaya akajitokeza kwenye video kuomba radhi. Kinachonisumbua ni kwamba hao walikuwa watu wazima wengi, waliokaa pamoja wakagawana kofia, na hakupatikana hata mmoja wa kusema, "Hebu tungojeni kwanza." Trudeau naye, kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa Kanada, alikuwa mwalimu wa shule moja ya Vancouver alipohudhuria karamu ya shule mwaka 2001 akiwa na kilemba na joho, uso na mikono ameipaka rangi ya kahawia iliyokolea. Alikuwa na miaka 29. Picha hiyo ilikuwamo ndani ya kitabu cha mwaka cha shule, na haikumletea taabu hadi jarida la Time lilipoitoa mwaka 2019.

Shangazi Zuhura: Kilemba na joho! Kwa hiyo alijivika sisi.

Baba Idi (Columbus, Ohio): Mimi nina swali la kisheria. Hii ni nchi inayojivunia uhuru wa kusema. Je, shule ya serikali ina haki ya kumvua mtoto nguo aliyovishwa na wazazi wake?

Zuwena: Ina haki, Baba Idi, lakini haki hiyo ina mpaka. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1969, katika kesi ya wanafunzi wa Des Moines waliofunga vitambaa vyeusi mikononi kupinga vita vya Vietnam, kwamba mwanafunzi haachi uhuru wake langoni mwa shule, isipokuwa pale maneno au vazi lake linapovuruga masomo au kuingilia haki za wenzake. Lakini wale watoto wa Des Moines walijua kwa nini wamefunga vitambaa. Idi hakuwa akisema lolote.

Mama Idi: Kweli kabisa, hakuwa akisema lolote. Ni mchezo wa mtoto. Ningejuaje?

Kaka Hamza (Muscat): Dada, naomba usinikasirikie. Nimerudi nyuma katika kikundi hiki hiki hadi Oktoba ya mwaka jana, na ninanukuu ujumbe wako kuhusu binti yako: "Leo mtoto wa kiume wa darasa la Salma amekuja shule na kanzu, ndevu za bandia na mkanda wa baruti za plastiki, anajiita shehe. Salma amejifungia chooni hadi kengele ya mwisho. Baba wa yule mtoto ananiambia ni mchezo tu, na kwamba vazi walilikuta dukani. Nimemjibu kwamba duka halimvishi mtoto."

(Kwa muda wa saa nzima hakuna aliyeandika.)

Mama Idi: Nimeisoma, Hamza. Nilikuwa nimeisahau sentensi ile ya mwisho.

Shangazi Zuhura: Lakini hayo si mamoja. Yule alibeba baruti, akatufanya sote wauaji. Idi alivaa manyoya kwa sababu aliyaona mazuri.

Zuwena: Si mamoja, Shangazi, na kama ningekuwa napima uzito, baruti ingezidi. Hata hivyo, hebu tulitazame hilo taji. Kwa Walakota na jirani zao wa nyanda za kati, taji la manyoya ya tai halikuwa pambo la kila mtu. Manyoya yake yalipatikana kwa matendo ya ushujaa yaliyoshuhudiwa na watu wake. Sheria ya mwaka 1940 inamlinda tai mwenye kichwa cheupe, hivi kwamba mtu wa kawaida asiye na kibali haruhusiwi hata kuokota unyoya wake njiani, ilhali wenyeji waliosajiliwa katika mataifa yao huruhusiwa kuwa nayo kwa ajili ya ibada. Na huko Ohio mnakoishi, mataifa ya wenyeji yalisukumwa magharibi moja baada ya jingine. Wawyandot, waliokuwa wa mwisho, waliondoka mwaka 1843. Yule mama wa langoni amezungukwa na majina ya mito na miji ya Wahindi Wekundu, kama tulivyokuwa tukiwaita vitabuni, halafu wenyewe anawaona dukani tu, ndani ya mfuko wa plastiki.

Shangazi Zuhura: Basi ni kama siwa ya Lamu, lile baragumu la heshima. Haikupulizwa katika kila harusi, wala haikushikwa na kila mwenye mdomo. Ningemwona mtoto anaichezea kama tarumbeta ya mpira, hata mimi ningerudi garini.

Mjomba Mwalimu: Nilitaka kunyamaza, lakini Hamza amenifungua mdomo. Katika mahafali moja ya darasa la saba, watoto wetu waliigiza Mmasai mlinzi: shuka, rungu, masikio yaliyoning'inizwa vipande vya karatasi, na Kiswahili kilichovunjwa makusudi ili watu wacheke. Maleba yalitafutwa na mwalimu wa sanaa, mchezo niliuidhinisha mimi, na wageni walicheka hadi machozi, nami nikiwa mbele yao. Mlinzi wa shule yetu alikuwa Mmasai. Alisimama nyuma ya ukumbi muda wote, na rungu lake mkononi. Kesho yake alinisalimia kama siku zote, nami nikajiridhisha kwamba hakukasirika. Sikumuuliza. Ninyi mnazungumza habari za Marekani tangu asubuhi, na mimi namwona mtu yule mmoja tu.

Baba Idi: Mwalimu, kwa maelezo yako, watoto walioigiza walikuwa na kosa?

Mjomba Mwalimu: Hawakuwa nalo. Walifundishwa kucheka, tena kwa mazoezi ya wiki tatu. Wa kwanza kuulizwa ni mimi niliyetia sahihi, wa pili ni mwalimu aliyetunga, wa tatu ni wageni walioshangilia. Ndiyo maana nasema kwamba shule ya Idi haiwezi kuuweka mzigo wote kwa Mama Idi, wala Mama Idi hawezi kuutua wote dukani.

Bibi Mwanahawa (ameandikiwa na Zuhura): Mama anasema: yule mwanamke aliyelia ana jina? Mmejadili tangu asubuhi na hakuna aliyemtaja isipokuwa kwa machozi yake.

Mama Idi: Sijui jina lake, Mama. Nitaliuliza Jumatatu, na nitamwomba mkuu wa shule anikutanishe naye kama mwenyewe ataridhia. Idi hatakuwapo siku hiyo. Nimemweleza habari za manyoya kwa kadiri ya akili yake, na ameniuliza kama yule mama anafuga tai. Barua nitaitia sahihi, lakini chini yake nitaongeza maneno haya: "Vazi nilinunua mimi na rangi nilimpaka mimi, na ninaomba radhi. Waraka wenu haukutaja mavazi ya kuigiza watu wa mataifa na dini nyingine, ingawa mwaka jana nilileta malalamiko ya aina hiyo kwa ajili ya binti yangu. Mwalimu alimpokea mwanangu mlangoni akampiga picha. Naomba waraka wa mwaka ujao ulitaje jambo hili, na picha hiyo ifutwe."

Mjomba Mwalimu: Imekaa vizuri. Baada ya "mlangoni" weka mkato.

Kaka Hamza: Na taji lenyewe?

Mama Idi: Lipo ndani ya mfuko, jikoni. Risiti inasema kwamba nguo za Halloween hazirudishwi dukani baada ya tarehe 31.

Shangazi Zuhura: Mama anasema usimgawie mtoto wa jirani.